Mama Mmoja Kila Msimu

Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa madiwani, wachungaji na masheikh wetu, ndugu yetu Zubery uliyetoka Dar es Salaam kwa niaba ya Kampuni ya Punje Njema, wenyeviti wa vijiji mliotoka mbali mkafika kwa wakati kuliko sisi wenyeji, ndugu wageni waalikwa, na ninyi akina mama ambao mshereheshaji amewasahau kwenye orodha yake ingawa nyumba ni yenu: nawasalimu nyote kwa heshima. Ndaga fijo, asanteni sana, kwa kuja.

Kwa wasionijua, naitwa Tusajigwe. Ni mkunga mstaafu, na huu ni mwaka wa tisa nikiwa mratibu wa Nyumba ya Kungojea hapa Mbugani, Kyela. Nimepewa dakika kumi. Nimeombwa nitoe neno la shukrani, niseme machache mazuri, kisha nimkabidhi mgeni rasmi mkasi akate utepe wa jengo hili jipya. Shukrani nitatoa, kwa sababu jengo ni zuri na mimi si mchoyo wa asante. Lakini hayo mazuri mtanisamehe yatachelewa kidogo, maana nimechoka, na mtu wa umri wangu akichoka ni afadhali aseme kilichomchosha kuliko kutabasamu mbele ya kamera akaenda kununa nyumbani.

Wageni wetu wajue kwanza nyumba hii inafanya nini. Kila masika Mto Songwe ukifurika, vijiji vya Katumba Songwe na baadhi ya vile vya Njisi vinakuwa visiwa. Pikipiki haipiti, gari la wagonjwa halipiti. Mama aliyefikisha mwezi wa tisa akishikwa na uchungu siku hiyo, anabaki na maji na Mungu. Kwa hiyo tunamwambia aje mapema, wiki tatu au nne kabla. Analala hapa, anapika hapa na wenzake, anasengenya wakwe zake kwa sauti ya chini, na uchungu ukianza anatembea hatua mia mbili tu hadi hospitali. Ndiyo kazi yetu yote, na katika miaka minane ya kwanza hatukumpoteza hata mama mmoja wala mtoto mmoja kwa sababu ya barabara.

Sasa, vitanda vina bei. Magodoro yana bei, kuni zina bei, mlinzi ana watoto. Tukaambiwa tutafute wabia. Nikapelekwa semina Mbeya, mimi na daftari langu, nikafundishwa kwamba kampuni haitoi sadaka, kampuni inajenga jina. Na kwamba asasi yenye akili hailalamiki juu ya hilo, inakaa mezani na kuuliza, jina lenu likishajengwa kwa mgongo wetu, sisi tunabaki na nini. Nililielewa somo hilo na nililikubali. Hata leo sioni ubaya wake. Mtu akinisaidia huku naye akinufaika, kwa nini nimkasirikie?

Lakini jamani, niliyoyaona baada ya semina hayakuwa kwenye daftari. Walikuja watu wa sabuni, siwataji, wakapaka nyumba nzima kijani, wakachora mapovu meupe kuanzia mlangoni hadi jikoni. Kwa mwaka mzima mama mjamzito anafika na begi lake, anasimama nje, anauliza kama hapa ndipo wanapouza sabuni kwa jumla. Wakaja wengine na hundi ya boksi, kubwa kama mlango, watu wanne wameishika, tukapiga nayo picha sisi na akina mama wenye mimba juani. Picha zilipoisha wakaikunja boksi yao wakaondoka nayo, kwa sababu, waliniambia, walikuwa na sherehe nyingine Tukuyu mchana uleule. Nilicheka. Siku hizo bado nilikuwa na nguvu za kucheka.

Miaka miwili iliyopita wakaja Punje Njema. Hawa walikuwa tofauti, na nalisema hilo wakiwa wamekaa hapa mbele. Walikuja na wazo: mchele wa Kyela wanaoununua kwa wakulima wetu wataufunga kwenye mifuko ya kilo tano, na kutoka kila mfuko unaouzwa, sehemu ya bei itakuja Nyumba ya Kungojea. Mtu wa Dodoma anapika wali wake, mama wa Katumba Songwe anapata kitanda. Nani angekataa? Jengo lililo nyuma yangu limetoka kwenye mifuko hiyo, tofali kwa tofali. Anayesema kampuni hii haijatusaidia ni mwongo, na mimi nitakuwa wa kwanza kumwambia.

Shida ilianza na picha.

Walisema mfuko lazima uwe na sura ya mtu, kwa sababu mnunuzi hasaidii nyumba, anasaidia sura. Akaja mpiga picha. Tukamchagulia Doreen, mama wa miaka ishirini na miwili, mimba yake ya kwanza, ana uso mzuri na moyo mweupe. Doreen akavaa gauni lake la kanisani na viatu vya kufunga. Mpiga picha akamwangalia, akasema hapana, hilo gauni halionyeshi shida. Akavuliwa gauni, akavalishwa khanga iliyopauka tuliyoitoa kwenye vitambaa vya kufutia sakafu. Akavuliwa viatu. Akatolewa kwenye baraza letu la vigae, akasimamishwa mbele ya ukuta wa udongo wa jiko bovu la jirani, tumbo limegeuzwa upande ili lionekane vizuri. Halafu akaambiwa asicheke. Na Doreen ni mtu wa kucheka, nyote mnaomjua mnajua. Walingoja nusu saa nzima mpaka kicheko kimwishe.

Mnataka kujua mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nimesimama pembeni, nimemshikia viatu.

Kulikuwa na fomu ya ridhaa, kurasa tatu, Kiingereza kitupu. Mimi ndiye niliyemsomea na mimi ndiye niliyeifupisha. Nikamwambia, "Ni picha ya kazi tu, mwanangu, weka sahihi." Kwa kuwa najiona mtu wa utaratibu, nikampigia simu na mume wake, Nelson, naye akasema sawa, Sista, kama ni kwa faida ya akina mama. Nikaona nimemaliza. Nilimuuliza mke, nilimuuliza mume. Yule niliyetakiwa kumfikiria kabla ya wote sikumkumbuka hata kidogo.

Ndugu Zubery, nilikueleza jambo hili kwenye simu, nitalirudia kwa faida ya wageni wengine. Kwetu sisi Wanyakyusa, mke wa mtu na baba mkwe wake hawaangaliani. Hawapishani njiani, hawali pamoja, hawatajani majina. Si chuki, tafadhali. Ni heshima, na ni heshima ya pande zote mbili, maana mzee naye anakohoa kwa mbali ili mwanamke apate nafasi ya kupita. Siku hizi wengi wameacha, hasa hapa mjini. Lakini wapo ambao hawajaacha, na hawamdhuru mtu. Mimi mwenyewe, na cheti changu cha ukunga ukutani, kwa miaka kumi na tisa nilipita njia ya nyuma, kwenye migomba, nisikutane na baba mkwe wangu, mpaka siku tulipomzika. Miaka kumi na tisa. Halafu mimi huyohuyo nikachukua sura ya mkwe wa watu, na tumbo lake, na miguu yake mitupu, nikairuhusu ichapishwe kwenye mfuko wa mchele. Mtu wa Dar es Salaam asingejua. Mimi nilijua, na nikasahau kwa sababu nilikuwa nawaza magodoro.

Baba mkwe wa Doreen ni Mzee Andongwisye, mkulima wa mpunga na kakao. Mifuko ilifika Kyela mwezi wa pili mwaka huu. Bi Habiba, mwenye duka hapa Mbugani, yupo hapa, ataniunga mkono. Alikuwa ameipanga mifuko arobaini kuanzia sakafuni hadi darini, sura zote zinatazama mlango, kama kampuni ilivyomwelekeza. Mzee Andongwisye akaingia kununua chumvi. Akainua macho. Bi Habiba anasema mzee alirudi kinyumenyume hadi nje, amejifunika uso kwa kofia, akaondoka bila chumvi. Jioni ile Bi Habiba akanipigia simu. "Bi Tusajigwe, mzee wa watu nimemkosea nini? Au alidhani namdai?"

Nikaenda kwa mzee. Nilimkuta nyuma ya nyumba, anageuza kakao yake juani. Hakunifokea, na ningeshukuru angenifokea. Alisema, "Mwanangu, mimi sina ugomvi na mtu. Dukani yupo. Sokoni yupo. Gari la kampuni likipita barabarani yupo ubavuni mwa gari, mkubwa kuliko nyumba yangu. Wewe ni wa hapa, niambie tu: nipite wapi?"

Nawauliza wenzangu wa asasi mliofika leo kujifunza jinsi ya kupata wabia. Semina yenu inasemaje hapo? Mzee alilima mpunga ule kwa mikono yake, akauuza, ukaenda Dar es Salaam, ukarudi umevishwa sura ya mkwe wake, na sasa hawezi kwenda kununua chumvi. Ninyi mngemjibu nini? Mimi nilimwacha na kakao yake. Nilishika njia nikarudi.

Doreen alijifungua salama, mtoto wa kiume. Lakini aibu ilimzidi. Akachukua mtoto akahamia kwa mama yake Njisi, Nelson akawa anakwenda na kurudi kwa baiskeli kama mtu mwenye nyumba mbili, na mjukuu ambaye bibi yake angempeleka kwa babu kila jioni akawa hajawahi kumwona babu.

Na habari haikukaa Njisi. Habari za namna hii hazingoji barabara ikauke. Ikafika Katumba Songwe hivi: ukienda Nyumba ya Kungojea, unachapishwa kwenye mfuko. Aprili ya mwaka jana tulikuwa na akina mama ishirini na nne na wengine wamelala kwenye mikeka. Aprili ya mwaka huu nilikuwa nao watano. Nikazunguka vijijini na gari la kuazima, nikiapa kwamba hatupigi tena picha mtu yeyote. Walinisikiliza kwa adabu. Wakanipa ndizi. Hawakuja.

Tusekile wa Katumba Songwe ni mmoja wa wale walionipa ndizi. Uchungu ulimshika asubuhi, maji yamejaa mashamba yote. Mumewe na kaka yake wakamweka kwenye mtumbwi, wakapiga kafi juu ya mpunga wao wenyewe, saa nne nzima. Alijifungulia humo mtumbwini. Mtoto hakulia. Tusekile mwenyewe tulimpata hospitali akiwa amebakiwa na damu kidogo sana, na alipona kwa sababu watu wa Mbugani walikunja mikono ya mashati wakamtolea damu. Nilikaa kitandani kwake siku ya tatu. Nikamuuliza kwa nini hakuja mapema, nilimwambia aje. Akaniambia, "Sista, sikuogopa maji. Maji nimeyazoea. Niliogopa mfuko."

Nimemwomba Tusekile ruhusa ya kusema haya leo, na mumewe, na safari hii nimemuuliza na baba mkwe wake, kwa kupitia mama mkwe. Wote wamesema sema.

Nikaandikia kampuni. Nikaandika barua tano, nikapiga simu ambazo siwezi kuzihesabu. Jibu la kwanza lilisema wanasikitika na kwamba mfuko unafanya vizuri sana sokoni. Jibu la pili lilisema picha inauza. Jibu la tatu, na hili ninalo kwenye mkoba wangu hapa kwa sababu najua hamtaniamini, lilisema kwamba wamezingatia mila za wenyeji, na wanaomba niwaandalie orodha ya akina mama wajawazito ambao baba wakwe zao wamekwisha kufariki.

Naona mnacheka. Chekeni. Mimi nililia, halafu nikaenda jikoni nikakuta nimechukua kalamu, na katika akili yangu nimekwisha kuanza kuitengeneza ile orodha. Fulani, baba mkwe alifariki mwaka juzi. Fulani, mzee yuko Zambia, hatauona mfuko. Hapo ndipo nilipojichukia mimi mwenyewe. Hivyo ndivyo uhitaji unavyomfanya mtu mzima mwenye akili zake.

Ndugu Zubery, wewe nitakusifu, na nitakusifu kwa jambo moja mahususi. Mwezi wa sita ulikuja mwenyewe. Hukufikia hotelini ukaniita. Ulikwenda kukaa kwenye benchi la Bi Habiba siku mbili, ukinywa chai yake. Ukaona kwamba mifuko yenu yote ameigeuza, sura zinatazama ukuta. Ukaona wanawake wanauinua mfuko na kuukumbatia, sura ndani kifuani, ili njiani usionekane. Siku ya pili jioni ulinifuata ukasema, "Bi mkubwa, nimeelewa." Ukaenda ukaiondoa picha ya Doreen kwenye mifuko na kwenye magari. Sijui uligombana na nani huko ofisini, lakini uligombana, na nakushukuru kutoka moyoni. Nilirudi nyumbani nikalala usingizi mzuri.

Sasa tufike asubuhi ya leo. Nimeletewa mkataba mpya, wa miaka mitatu, ambao baada ya kukatwa utepe mimi na wewe tunatakiwa tuusaini hapa, mbele ya mgeni rasmi, mbele ya kamera. Nimeusoma mara mbili, na safari hii sikuufupisha. Ukurasa wa nne, mstari wa saba. Nasoma: asasi itatoa mama mmoja kila msimu kwa ajili ya picha ya mfuko. Itatoa. Mama mmoja kila msimu. Nimekuuliza pale kwenye ngazi, na umenijibu kwa upole kwamba ni kifungu cha kawaida tu, wanasheria wamekisahau humo, nisaini halafu tutarekebisha baadaye.

Mdogo wangu Zubery, mimi nimekwisha kusaini cha kawaida. Nimekwisha kusema weka sahihi, mwanangu, ni picha ya kazi tu. Nyumba hii sasa ina vitanda hamsini, vyema, vipya, na magodoro bado yana nailoni. Nani atavilalia? Masika yanarudi baada ya miezi michache. Mkitujengea vitanda mia na mstari ule ukabaki, vitabaki vitupu, na mitumbwi itajaa. Ninyi mnaogopa mfuko usio na sura hautauza. Mimi naogopa kitanda kisicho na mtu, kwa sababu najua mtu wake yuko wapi siku hiyo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, pale mlangoni, kulia kwa utepe, kuna mifuko kumi ya mchele. Wengi mmepita bila kuitazama, maana haina kitu cha kutazama. Ni myeupe. Imeletwa leo alfajiri na Mzee Andongwisye, mchele mpya wa shamba lake mwenyewe. Ni mifuko ileile ya Punje Njema yenye sura ya Doreen, aliyoiomba kwa Bi Habiba ikiwa mitupu. Akamwambia mke wake aigeuze, ndani nje. Mama akaigeuza mmoja mmoja, mzee akiwa amegeukia ukuta, kisha mzee akaijaza. Nilipompokea nilimuuliza niseme imetoka kwa nani kwenda kwa nani. Akasema, "Mwambie yule aliyejifungua kwamba huu ni wake na wenzake. Na mwambie njia sasa ni nyeupe, arudi nyumbani."

Mzee yupo hapa, amekaa kiti cha mwisho kabisa, amelipa mgongo jengo hili, na sasa mnajua si kwa utovu wa adabu. Na yule aliyejifungua, mkwe wake, yupo jikoni, nyuma ya dirisha lile lenye pazia. Amekuja kuwasaidia wenzake kupika. Mtoto wake amekaa kwenye magoti ya babu yake tangu sherehe ianze, na ni yeye mnayemsikia ananiingilia.

Ndugu Zubery, kama unataka picha, piga picha ya mfuko ule mweupe. Uweke kwenye duka lolote la Kyela, na watu watajua ni mchele wa nani na umekwenda kwa nani. Wa Dodoma waelezeni kwa maneno, nanyi mna watu wa maneno.

Mkasi huu hapa, na kalamu hii hapa, naviweka pamoja mezani kwa mgeni rasmi. Naomba kalamu itangulie. Zubery, ufute mstari wa saba mbele ya watu hawa, uweke sahihi yako pembeni, nami nitasaini yote yaliyobaki kwa furaha, utepe utakatwa, na tutakula wali wa mzee. Ukisema lazima kwanza upige simu Dar es Salaam, piga, hatuna haraka. Hii ni Nyumba ya Kungojea, na kungoja ndiyo kazi tunayoijua.

Nawashukuru kwa kunivumilia na kwa masikio yenu. Asanteni sana. Nakaa.